Mchezo Huu Haukosei Kwenda Polepole

Tangu mwaka 2023 pamekuwa na ubishi mkali baina ya watazamaji wa michezo ya katuni ya Kijapani. Ubishi wenyewe ni juu ya mchezo uitwao Frieren. Kundi moja lasema kuwa huo ni mchezo bora kupita yote iliyopata kutolewa. Kundi la pili lasema kuwa ni mchezo wa kuleta usingizi, usio na jambo lolote ndani yake. Mimi nimezitazama sehemu zake zote 28 za mwanzo, nami naona yafaa kutoa maoni, kwani jambo linalobishaniwa ni kubwa kuliko katuni.

Hadithi hii ilitungwa na Kanehito Yamada, na picha zake zikachorwa na Tsukasa Abe. Ilianza kuchapishwa kipande kwa kipande katika jarida la Weekly Shonen Sunday huko Japani mwezi wa Aprili 2020, na mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo ya Manga Taisho. Kampuni ya Madhouse ndiyo iliyoigeuza kuwa mchezo wa televisheni, chini ya uongozi wa Keiichiro Saito. Ulianza kuonyeshwa tarehe 29 Septemba 2023, ukaendelea hadi Machi 2024.

Hadithi nyingi za namna hii huanza kwa safari na kuishia kwa vita. Hii yaanzia pale nyingine zinapokomea. Mfalme wa mazimwi amekwisha kuuawa, na mashujaa wanne wanarejea mjini baada ya safari ya miaka 10. Mmoja wao ni Frieren, mwanamke wa kabila la kubuni ambalo watu wake huishi miaka elfu na zaidi. Kwake yeye miaka 10 ni kama alasiri moja. Awaaga wenziwe, aenda zake, na arudipo baada ya miaka 50 amkuta Himmel, aliyekuwa kiongozi wao, amekuwa mzee mfupi mwenye kipara. Wanatazama vimondo pamoja usiku mmoja, kisha si muda mrefu Himmel anafariki. Mazikoni watu wananong'ona kuwa mwanamke huyu hana hata huzuni. Hapo ndipo machozi yanapomtoka, akijilaumu kwamba alisafiri na mtu yule miaka yote hiyo wala hakujishughulisha kumjua.

Yanayofuata ni safari mpya ya kwenda kaskazini, pamoja na Fern, binti aliyefanywa yatima na vita, na baadaye kijana aitwaye Stark. Safari hiyo ndiyo iliyoleta mgawanyiko.

Wanaolalamika wana hoja zao, wala si haki kuwaita wajinga kama wafanyavyo baadhi ya wapenzi wa mchezo huu. Katika sehemu moja Frieren anamaliza miezi mingi akitafuta ua la buluu ambalo Himmel alilipenda, ili apate kulipanda kando ya sanamu yake. Katika sehemu nyingine, yeye na Fern wanasafisha ufuo wa bahari uliojaa takataka, siku baada ya siku, ili wenyeji waweze kufanya sherehe ya kutazama jua la mwaka mpya likichomoza. Jua lachomoza, naye Frieren aona kuwa ni jua tu. Linalompendeza ni kumwona Fern akifurahi. Basi, imekwisha. Hapana upanga wala damu. Mtu aliyezoea michezo ya mapigano ana haki ya kuuliza: je, limetokea nini?

Jibu langu ni kwamba limetokea jambo kubwa. Zamani Himmel alitaka Frieren aamke kutazama jua kama hilo, naye hakuamka. Kosa la mwanamke huyu halikutendeka vitani, maana vitani alikuwa hodari. Lilitendeka katika siku za kawaida, za kupika, kutembea na kusubiri mvua ikatike, siku ambazo mtu akiulizwa habari zake hujibu kuwa hapana jipya. Mtungaji angezifupisha siku hizo, hadithi ingebaki haina maana, kwani ndizo alizozipoteza Frieren na ndizo anazozitafuta sasa.

Huko Japani kwenyewe jambo hili lina uzito wake. Mwaka 2022 wachapishaji wa kamusi wa Sanseido walilichagua neno "taipa" kuwa neno jipya la mwaka. Maana yake ni faida aipatayo mtu kwa kila dakika aitumiayo, na lilihusishwa sana na tabia ya vijana ya kutazama sinema kwa kuzikimbiza mbio. Mwaka uliofuata tu ukatoka mchezo huu usiotaka kukimbizwa, ukapanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya watazamaji ya MyAnimeList, ukiupita Fullmetal Alchemist: Brotherhood. Naamini watu hawakuupenda kwa sababu ya uvivu. Wengi wamesema kuwa uliwakumbusha jamaa na marafiki waliokwisha kuwatoka.

Hata hivyo sina budi kusema kuwa mchezo wenyewe unayumba. Kuanzia sehemu ya 18 unaingia katika mitihani ya wachawi, wanaletwa watu wapya chungu nzima, na ule utulivu wapungua. Waliochoka mwanzoni walifurahi, na waliopenda mwanzo walinung'unika. Katika hili mimi ni mmoja wa walionung'unika.

Najua pia kuwa baadhi ya wazazi watachukizwa na uchawi uliomo, na yule padri mpenda ulevi, na habari ya nchi ambako roho za wafu huzungumza na walio hai. Kwetu mambo ya roho na barzakh yana mafunzo yake, wala hatuhitaji kuyachukua katika katuni. Lakini bibi zetu walitusimulia majini na mazimwi ya Alfu Lela Ulela, tukakua tukijua ipi ni hadithi na ipi ni imani. Vijana nao wafundishwe kupambanua hivyo hivyo. Kuwapiga marufuku bila ya kuwaeleza hakutawafaa.

Kwa hivyo mwenye kijana nyumbani anayeutazama mchezo huu namshauri aketi naye japo kwa sehemu mbili tatu, kisha amwulize ameelewa nini. Huenda mazungumzo hayo yakawa na faida kuliko mchezo wenyewe. Nao vijana watakaolizwa na kilio cha Frieren wasiishie kufuta machozi. Wangaliko wazee majumbani ambao hawajaulizwa walikotoka, walisafiri wapi, na walimpenda nani. Marehemu twaweza kumwombea dua, lakini habari zake hawezi kutusimulia tena. Majuto ni mjukuu, na aliye na babu hai bado ana nafasi ya kumwendea leo jioni.