Utulivu wa mtaa wa Kiingereza una sarufi yake

Katika matangazo ya nyumba zinazouzwa Uingereza, kuna sifa moja ambayo madalali hawachoki kuitaja, nayo ni utulivu. Dalali akishataja idadi ya vyumba, ukubwa wa bustani na umbali wa kituo cha garimoshi, huongeza kwamba nyumba imo katika mtaa mtulivu. Mnunuzi huvikagua vyumba, akamwajiri mtaalamu wa majengo azipime kuta na kulichungulia paa. Utulivu wenyewe haukaguliwi. Hununuliwa kama mbuzi aliye ndani ya gunia.

Jambo hili si geni kwetu hata tukaweza kulitazama kwa mbali. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko. Kabla ya hapo Wakenya wengi walikuwa wamekwisha kulowea katika miji ya Uingereza, na baadhi yao wamechukua mikopo ya miaka mingi wakanunua nyumba. Wengi wa hawa wamelelewa mahali ambapo jirani asiyesema nawe ama amekasirika, ama ana mgonjwa, ama amepatwa na msiba. Mtu kama huyo akikaa miezi mitatu bila kubishiwa hodi, huamua ama kwamba anadharauliwa, ama kwamba amepata amani aliyoitafuta. Rai yangu ni kwamba hukumu zote mbili hutolewa mapema mno. Ukimya ule ni lugha yenye kanuni zake, na asiyezijua ataisoma vibaya hata akiwa na shahada ya Kiingereza.

Tuanze na asili yake. Utulivu huo haukuota kama nyasi, ulijengwa. Mwishoni mwa karne ya 19, miji ya viwanda ya Uingereza ilikuwa imejaa moshi, msongamano na maradhi. Mwaka 1898 Ebenezer Howard alichapisha kitabu cha kupendekeza miji midogo yenye bustani, na mwaka 1903 ujenzi wa Letchworth ukaanza. Mwaka 1907 ukafuata mtaa wa Hampstead Garden Suburb, kaskazini mwa London, ulioasisiwa na Henrietta Barnett. Bibi huyu alichukia kelele kiasi cha kutaka hata kengele za makanisa zisisikike, na mtaa ukajengwa bila baa. Iliwabidi waasisi wapate sheria maalumu ya Bunge mwaka 1906 ili waruhusiwe kujenga barabara nyembamba zisizotokea upande wa pili. Baina ya vita viwili vikuu, mfano huo wa mtaa wenye bustani ulienea pote nchini, zikajengwa nyumba zipatazo milioni 4, nyingi zikiwa nyumba pacha zinazotumia ukuta mmoja. Kisha ikaja sheria ya mipango ya mwaka 1947. Tangu hapo mtu hawezi kuamka asubuhi akaigeuza nyumba yake kuwa gereji au kilabu cha pombe bila idhini ya baraza la mji.

Majina ya barabara nayo yanasema mengi. Barabara inayoitwa Close aghalabu haina pa kutokea, kwa hiyo magari yanayoingia humo ni ya wenyeji na wageni wao tu. Iitwayo Grove hudai kuwa ni kijisitu, na iitwayo Lane hudai kuwa ni njia ya shamba, hata kama msitu na shamba vilikatwa zamani. Majina haya humuuzia mnunuzi kumbukumbu ya kijiji ambacho hakipo.

Isitoshe, utulivu huo unalindwa na sheria. Sheria ya Kelele ya mwaka 1996 huyapa mabaraza uwezo wa kuchukua hatua dhidi ya kelele zinazopita kiwango baina ya saa tano usiku na saa moja asubuhi. Sheria nyingine, ya mwaka 2003, humruhusu mtu kulalamika iwapo ua wa miti wa jirani yake umezidi mita 2 ukamzibia mwanga. Lakini hapa pana jambo la kutia fikira: baraza laweza kuyakataa malalamiko hayo ikiwa mlalamishi hakujitahidi kwanza kulimaliza jambo hilo na jirani yake. Yaani imebidi sheria iwaambie watu wanaotenganishwa na ua mmoja kwamba wazungumze!

La ajabu zaidi limo katika fomu. Mwenye kuuza nyumba Uingereza kwa kawaida hujaza fomu ya maelezo kwa ajili ya mnunuzi, na miongoni mwa maswali yake ni kama kumewahi kutokea mzozo au malalamiko kuhusu nyumba yake au nyumba iliyo jirani. Akificha, mnunuzi aweza kumpeleka mahakamani akadai fidia. Kusudi la swali hilo ni jema. Hata hivyo, mwenye nyumba anayekerwa na muziki wa jirani hujiuliza: nikilalamika rasmi leo, kesho nitamuuzia nani? Naye akaamua kuvumilia. Basi mnunuzi asidhani kwamba kila mtaa ulio kimya una watu wanaopatana. Huenda ukimya huo unalinda bei ya nyumba tu.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuueleza ukimya wote kwa fedha. Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson, katika utafiti wao kuhusu upole wa lugha, walitofautisha adabu ya aina mbili. Ipo adabu ya kumkaribia mtu na kumwonyesha kwamba yu mwenzetu; ipo pia adabu ya kumwachia mtu nafasi yake asiingiliwe. Jamii zote huzitumia zote mbili, ila kwa vipimo tofauti. Sisi twapiga hodi na kujibiwa karibu, na katika miji ya kale ya Uswahilini baraza ya mawe ilijengwa mlangoni ili wapitao wapate pa kuketi. Mwingereza wa mtaa mtulivu huipamba bustani ya mbele ili itazamwe, naye akaenda kuketi katika bustani ya nyuma asikoonekana. Asipokutembelea bila miadi, kwa mizani yake amekuheshimu. Na anapokuambia kuwa mvua inakaribia kunyesha, hakupi habari za anga. Anakuamkia. Mazungumzo ya namna hiyo, ambayo kazi yake ni kuunga watu, yalielezwa na Bronislaw Malinowski tangu mwaka 1923.

Sisemi kwamba ubaguzi haupo, wala kwamba kila ukimya ni heshima. Wala sisemi kwamba adabu hiyo haina gharama. Mwezi Januari mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke. Taifa halifanyi hivyo kwa mzaha. Ua uliomkinga mwenye nyumba na macho ya watu akiwa kijana waweza kumficha akiwa mzee, hata akaugua na jirani asitambue.

Mnunuzi afanye nini, basi? Waarabu wana msemo unaojulikana pia katika pwani yetu: tafuta jirani kabla ya nyumba. Autembelee mtaa mara kadhaa kabla ya kutia saini: asubuhi ya siku ya shule, Ijumaa usiku, na Jumapili alasiri. Aulize wenyeji. Akishahamia, asingoje kualikwa. Abishe mlango wa jirani, ataje jina lake, aulize ni siku gani taka huzolewa, kisha aage bila kukawia. Amjibu anayetaja mvua. Akubali kumpokelea jirani kifurushi asipokuwepo nyumbani. Katika mtaa wa namna hiyo, ujirani huanzia kwenye mambo madogo kama hayo.

Walimu wa lugha nao wana sehemu yao. Tunawafundisha vijana wetu msamiati na ngeli, nyakati na hali, kisha twawapa cheti. Ni nadra kuwafundisha jinsi jamii inavyoamkiana, inavyokataa na inavyonyamaza. Mwanafunzi anayetoka darasani akijua kusema tu, bila kujua wenye lugha hunyamaza lini na kwa nini, amefundishwa nusu ya lugha. Nusu iliyobaki atajifunza peke yake, ugenini, ndani ya nyumba aliyoinunua kwa mkopo.