Picha za satelaiti ni bure, msomaji wake ndiye adimu

MFANYABIASHARA wa mpunga wa Kisesa bado anapanga mtaji wake kwa maneno ya madereva na mawakala. Akisikia majaruba ya Magu yamekauka, ananunua mapema kwa bei ya juu. Baada ya miezi miwili mzigo unafurika sokoni, bei inaanguka, na riba ya benki haimsubiri.

Wakati huo huo picha za mashamba hayo ziko wazi. Tangu 2008 Marekani inatoa bure picha za Landsat, ambazo awali moja iliuzwa hata dola 600. Kipande kidogo kabisa cha picha hiyo ni mita 30 kwa 30, pungufu kidogo ya robo ekari, hivyo jaruba dogo humezwa na mwembe na njia ya ng'ombe. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyorushwa 2015, hugawa eneo hilo hilo katika vipande tisa. Nayo Sentinel-1, ya mwaka 2014, hutumia rada: mawingu ya masika hayaizuii, na maji yaliyosimama jarubani huiona.

Kinachokosekana ni mtu wa kuzisoma. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kinafundisha taaluma hiyo, na kituo cha kanda cha Nairobi kilichoanzishwa 1975 huwanoa wataalamu wa nchi wanachama, Tanzania ikiwemo. Wahitimu wengi hutazamia upimaji ardhi na miradi ya mazingira. Si vibaya, magugu maji ya Ziwa Victoria yalipimwa kwa satelaiti miaka ya 1990. Lakini wenye maghala hawajagonga mlango wa chuo, kisha wanalalamika kwamba wasomi hawajui biashara.

Wafanyabiashara wa Mwanza wachangie posho ya mwanafunzi mmoja kwa msimu mmoja. Atembee mabondeni na wakulima, aandike lipi ni jaruba la mpunga na lipi ni majani matupu, kwa kuwa kutoka angani yote ni kijani. Hata akikadiria ekari vizuri, magunia ni hesabu nyingine, na bei hutegemea pia vibali vya kuuza nje na mchele wa kigeni.

Matokeo yabandikwe sokoni Kisesa, mkulima naye ayasome. Yakifungiwa kabatini mwa mnunuzi mmoja, mwenye jaruba atauza kwa bei ya mtu aliyekwisha kuona picha ya shamba lake.