Mikindani inabomoka, na kibao kinamtaja mgeni tu



Nina dukuduku kuhusu mji mkongwe wa Mikindani, kilomita kama 10 kabla ya kuingia Mtwara. Sisi wa Masasi tunaoshuka pwani kwa basi tunaupita, na kila mwaka kuna ukuta tuliouzoea ambao haupo tena.

Zile nyumba za matumbawe na chokaa, zenye milango ya nakshi, zina wenyewe: warithi wa kipato kidogo. Wanaambiwa ni urithi wa taifa, wasibomoe. Sawa. Lakini boriti za mikoko hazikatwi ovyo siku hizi, na fundi wa chokaa ni wa kutafuta. Basi mwenye nyumba anaziba nyufa kwa saruji. Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, mwishowe ukuta unamomonyoka, na lawama zinamwangukia yeye.

Kwamba ukarabati unawezekana, tumeona. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikuwa limechakaa. Likatengenezwa, likawa hoteli. Au chokaa ni kwa majengo yanayolaza watalii tu?

Linaloniuma zaidi ni historia inayosimuliwa pale. Ipo nyumba yenye kibao kinachomtaja mmisionari na mpelelezi Livingstone, aliyeanzia Mikindani safari yake ya mwisho mwaka 1866. Alikaa siku chache, akaenda zake. Lakini pembe za ndovu na watumwa waliopakiwa majahazini walitoka huku bara, na misheni ya Masasi yenyewe ilianzishwa mwaka 1876 na shirika la wamisionari la UMCA pamoja na watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar. Nilipowapeleka wanafunzi wangu, tulipita uchochoro kwa uchochoro tusione kibao kinachowataja watumwa hao. Mwanafunzi wa Newala au Masasi anarudi akidhani Mikindani haimhusu.

Naziomba mamlaka za mambo ya kale na halmashauri zifanye mambo matatu: ziwape wenye nyumba chokaa na boriti kwa bei wanayoimudu, zifundishe vijana wa hapohapo ufundi wa chokaa, na ziweke vibao vya Kiswahili vinavyoeleza habari yote. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kufanyika. Mikindani haina sababu ya kungoja aibu ya namna hiyo ndipo ihudumiwe.

Mwalimu wa Historia,
Masasi