Pikipiki ya umeme: tuikubali, lakini si kwa kazi zote

Wafanyakazi wenzangu, kwa juma moja tulipewa pikipiki ya umeme ili tuijaribu hapa Walungu, kwa kuwa kampani inafikiri kubadilisha pikipiki zake za zamani. Wengi mliniona nikipita nayo mkaniuliza: "Mganga, ni nzuri?" Leo najibu, na najibu kama mtu wa dispansere. Bei na vipuri nawaachia watu wa garaji.

Tuanze na miguu. Wangapi kati yenu mna kovu ndani ya mguu wa kulia, chini ya goti? Ni bomba la moshi. Wanaoungua zaidi ni wamama na watoto wanaopanda nyuma, kwa sababu wanashuka upesi bila kuangalia. Wakifika kwetu, kidonda kimekwisha kupakwa dawa ya meno au mafuta ya breki! Msifanye hivyo. Mimina maji safi ya baridi juu yake kwa dakika 20, funika na kitambaa safi, halafu njoo. Pikipiki ya umeme haina bomba hilo. Nimeshika kila upande wake baada ya safari na sikuungua.

Esansi nayo inatupa kazi. Tunainunua katika chupa kwa wale vijana tunaowaita kadhafi, na wengine wanaivuta kwa mpira na mdomo. Esansi ikipita njia mbaya inaingia katika mapafu, na mtu anaweza kufa. Aliyeimeza asitapishwe, aletwe mbio. Na ile Yamaha AG 100 yetu, ambayo inachoma mafuta pamoja na esansi, kila mmoja anajua moshi wake. Mfanyakazi aliyeshinda karibu na mashini ya kusaga mawe anafurahi pia kurudi nyumbani bila makelele mengine masikioni.

Lakini kimya hicho ndicho kilichonitia woga. Katika barabara ya Mugogo wamama wanatembea wameinama, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mama wa namna hiyo hawezi kugeuza kichwa, anasikiliza tu. Akisikia pikipiki ya zamani anasogea kando. Mimi nilifika nyuma ya mmoja naye hakujua kama nipo, mpaka nilipopiga honi, akashtuka akaelekea katikati ya barabara badala ya pembeni. Nilikuwa nakwenda polepole. Je, kijana mwenye haraka?

Tena, mashini ya umeme inatoa nguvu zake zote mara moja. Ukizungusha mkono kwa nguvu juu ya matope yetu mekundu, gurudumu la nyuma linateleza. Na ile niliyoijaribu haina gia. Katika mteremko mrefu, pikipiki ya zamani ukishusha gia mashini yenyewe inazuia mwendo. Hii inategemea breki peke yake. Breki ikipata moto sana inalegea. Simama upumzishe.

Watu wanasema Kigali wamekwisha kubadilika. Ni kweli. Kampani ya Ampersand imeanza huko tangu 2019, na serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za esansi haziandikishwi tena kwa kubeba abiria katika mji huo. Lakini motari wa Kigali batri ikikwisha anaingia kituoni, anapewa nyingine kwa dakika chache, anaendelea. Kati ya Walungu na Bukavu kituo hicho kiko wapi? Nilikwenda Mugogo na kurudi, nimempakia mwenzangu, na batri ilibaki chini ya nusu. Kwenda Bukavu usiku kutafuta damu ya mama aliyezaa na kurudi ni kilometa zipatazo 80. Wakubwa wa ofisi wanahesabu esansi itakayobaki. Mimi nahesabu saa za mama huyo.

Kwa hiyo naomba hivi. Pikipiki za umeme zichukue kazi za karibu: walinzi, watu wa karakana, mzunguko wetu wa chanjo katika kambi. Kila dereva afundishwe upya, hata yule mwenye miaka 20 ya pikipiki, na taa iwake mchana. Kaske ni mbili, ya dereva na ya abiria. Umeme haukulainisha mawe. Batri zichajiwe katika chumba chenye hewa, mbali na watu wanaolala na mbali na stoo ya esansi. Iliyovimba au kupasuka isifunguliwe na mtu. Ikitoa moshi, tokeni nje wote, muite watu wa usalama, kwa maana moshi ule ni sumu.

Na AG 100 moja ibaki kwenye mlango wa dispansere, tangi limejaa, mpaka siku tutakapopata batri ya kubadilisha njiani.