Mombasa Hadi Chebunyo: Nauli Nafuu ni ya Mwenye Kuijua Kesho

Wazee wetu wa Pwani hawakuwa na ratiba iliyopigwa chapa, lakini ratiba walikuwa nayo. Kaskazi ikivuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni. Kusi ikiingia, yakatweka na kurudi. Abiria aliungojea musimu wake, na aliyeukosa alikaa katika mji wa watu miezi kadha wa kadha. Kwa hivyo kupanga safari mapema ili gharama ipungue si elimu ya Wazungu peke yao. Lililo jipya ni hili: pepo za zamani zilimvumia tajiri na maskini sawasawa, ama musimu wa leo umo ndani ya simu, na yaelekea wamjua mwenye fedha.

Ndugu msomaji, natutazame jambo hili kwa mfano ulio mbali na bahari, nao ni Chebunyo. Hii ni wadi katika jimbo la Chepalungu, kaunti ya Bomet, upande wa chini wa nchi ile ya majani ya chai ya Kericho na Bomet, ikielekea mpaka wa Narok. Yamkini utauliza: watu wa Pwani wana nini na Chebunyo? Wanacho. Watoto wetu wa Lamu, Kilifi na Kwale wamalizapo shule ya sekondari, serikali yaweza kuwapangia masomo katika Chuo Kikuu cha Kabianga kule Kericho au katika chuo kishiriki cha Bomet. Walimu na askari huhamishwa wasikozaliwa. Na vijana wa Kikipsigis nao wako kwetu, bandarini, mahotelini na katika vituo vya polisi. Wengine wameoa kwetu, na wetu wameoa kwao. Palipo na ndoa pana ukwe, na palipo na ukwe pana safari.

Basi safari yenyewe ina njia tatu, na kila njia ina desturi yake ya bei.

Njia ya kwanza ni reli. Gari la moshi la zamani la abiria kati ya Mombasa na Nairobi lilifanya safari yake ya mwisho Aprili 2017, na gari jipya la reli pana likaanza mwishoni mwa Mei mwaka huohuo. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 700. Ilipofika Januari 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Sababu iliyotolewa ni kupanda kwa bei ya mafuta. Mume na mke wenye mtoto wa miaka 8, ambaye hulipa nusu, walikwenda Nairobi mwaka 2017 kwa shilingi 1,750. Leo ni 3,750, na kurudi vilevile.

Hata hivyo nauli ya reli ina sifa moja njema. Haibadiliki kwa sababu ya siku. Anunuaye tikiti mwezi mmodi kabla na anunuaye leo hulipa sawa. Kinachokwisha ni kiti. Mwezi wa Desemba, siku za kufungua shule na siku za Idi, mwenye kuchelewa huambiwa hapana nafasi, hata akiwa na pesa mkononi.

Njia ya pili ni ndege, na desturi yake ni kinyume. Kwenye ndege kiti huweza kupatikana hata jioni ya safari, bali bei yake hupanda. Mashirika ya bei nafuu, mfano wa Jambojet lililoanza kuruka mwaka 2014, huuza viti vya mwanzo kwa bei ya chini, kisha kila siku ya safari inapokaribia na viti vikipungua, bei hupanda daraja. Si ulaghai, ni hesabu: wa mapema humsaidia mwenye ndege kujua idadi ya watu wake, na wa mwisho humlipia kiti alichokuwa akiwekewa.

Njia ya tatu ni barabara. Mabasi ya usiku yatokayo Mombasa kwenda Kisii na Migori hupitia Narok na Bomet, na humshusha abiria karibu na aendako kuliko chombo kingine chochote. Desturi yake ni kufuata umati. Watu wakiwa wachache bei hushuka hata kwa maneno ya mdomo. Wakiwa wengi hupanda palepale, na utingo hana wa kumwuliza.

Ajuaye desturi hizi tatu amekwisha pata nusu ya akili ya safari. Nusu ya pili ni kuhesabu njia nzima, wala si kipande kimoja. Abiria wa Chebunyo hapandi garini mjini Mombasa, hupanda Miritini. Hashuki katikati ya Nairobi, hushuka Syokimau. Kutoka hapo kuna nauli ya kufika mjini, kisha matatu ya Mai Mahiu, Narok, Mulot na Bomet, kisha gari dogo au pikipiki ya kumfikisha Chebunyo. Mwenye kusema safari yake ni shilingi 1,500 amehesabu kitoweo akasahau kuni.

Wenzetu wa Ulaya waliliona tatizo hili la vipande zamani. Mwaka 1972 mashirika ya reli ya nchi 21 yalitoa tikiti moja iliyoitwa Interrail: kijana asiyezidi miaka 21 alilipa mara moja, akazunguka nchi hizo mwezi mzima. Ndege zao nazo zilifunguliwa milango hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 1997 shirika la nchi yoyote ya Umoja wao liliweza kusafirisha abiria hata ndani ya nchi nyingine. Ushindani huo ndio uliozishusha nauli, wala si huruma ya wenye ndege.

Lakini tusidhani kwamba tikiti moja ya nchi nyingi ni kitu kigeni kwetu. Reli yetu ilifika Kisumu Desemba 1901, ikipita Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion katika kaunti ya Kericho, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Kwa miaka mingi, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja. Tulikuwa na kitu tukakivunja. Kwa upande wa anga, nchi za Afrika ziliafikiana kufungua milango kule Yamoussoukro mwaka 1999, zikarudia ahadi kwa soko moja la ndege lililozinduliwa Addis Ababa Januari 2018, Kenya ikiwemo. Tangu ahadi ya kwanza mtoto amezaliwa akaoa, na nauli ya kuvuka mpaka Afrika bado ni mzigo.

Na ndege ya kwenda Chebunyo? Hapa pana kichekesho kichungu. Kutoka Ukunda, Pwani yetu hii, ndege ndogo huruka hadi viwanja vya mbuga ya Masai Mara, ambako si mbali na Chepalungu. Basi anga lipo, rubani yupo, na njia yajulikana. Ila nauli zake zimepimwa kwa mfuko wa mtalii. Mwanafunzi wa Kwale anayesoma Bomet huiona ndege hiyo ikipita juu ya kichwa chake.

Sasa tufike kwenye kiini. Elimu yote ya kusafiri kwa bei nafuu imesimama juu ya nguzo moja, nayo ni kuijua kesho. Nunua mapema, chagua siku isiyo na watu, epuka sikukuu. Nasaha njema, ila nani aijuaye kesho yake? Mwenye mshahara na likizo iliyoandikwa anaijua. Kibarua wa gatini na mchuma chai anayelipwa kwa kilo hawaijui. Ruhusa yao huja leo kwa safari ya leo, na pesa ya tikiti haijapatikana mwezi mmoja kabla ikawekwa. Hivyo mwenye nacho hulipa kidogo, na asiye nacho hulipa zaidi kwa kiti kilekile.

Na yako mambo ambayo hata tajiri hayapangi. Chukulia mauti. Sisi Waislamu hatumweki maiti, humfanyia haraka ya kumsitiri, na aghalabu huzikwa palepale alipofia. Tuseme habari imefika Mombasa baada ya Alasiri kwamba mwalimu wetu amefariki kule Chebunyo na atazikwa kesho Adhuhuri. Ndugu yake atawahi? Kwa ratiba ya miaka hii, gari la moshi la usiku laondoka Miritini saa 4 na kuingia Nairobi kabla ya alfajiri. Akipata matatu ya mapema atakuwa Bomet asubuhi, na Chebunyo kabla ya jua la utosi. Ndege ya jioni itamfikisha Nairobi mapema zaidi, lakini itamlaza huko akingoja matatu zilezile za alfajiri. Ina maana reli yatosha kumfikisha mtu maziko ya ndugu yake kwa shilingi 1,500 na nauli za barabara. Kinachomzuia si umbali wala si bei. Ni kiti kilichouzwa wiki mbili kabla kwa mtu aendaye kutembea.

Yuko atakayesema kwamba reli ni biashara yenye deni kubwa China, na hapana biashara ya kuwekea viti watu wenye misiba. Hoja hii ina uzito, lakini haikukamilika. Tangu mwaka 2013 Kenya hutoza ushuru wa maendeleo ya reli juu ya bidhaa ziingiazo nchini, ulioanza kwa asilimia moja na nusu. Mkaazi wa Chebunyo anunuapo koleo, betri au nguo ya kutoka ng'ambo, ameichangia reli. Na reli yenyewe haijamfikia: kipande cha Nairobi hadi Suswa kilifunguliwa Oktoba 2019, kikakomea hapo kwa kukosa fedha, na mpango wa kuipitisha Narok na Bomet kwenda Kisumu na Malaba umesemwa miaka mingi. Mtu aliyelipa kabla ya kupanda si mwombaji akidai kiti.

Basi tunayoyadai ni machache. Kwanza, kila gari la usiku libakize viti vichache vya daraja la kawaida mpaka saa za mwisho, kwa mwenye msiba au mgonjwa. Pili, iwepo tikiti moja kutoka Mombasa mpaka Suswa, na gari la Suswa lisubiriane na lile la Pwani. Tatu, wanafunzi wapewe nauli yao wiki za kufungua na kufunga vyuo, kwani serikali ndiyo iliyowapeleka huko. Na reli ikifika Bomet, stesheni iwekwe watu walipo, isiwe Miritini nyingine.

Kwetu sisi abiria, tushike kilicho mikononi mwetu. Safari ya kujulikana tuipange mapema, ili pesa iliyookolewa ikae akiba kwa ile isiyojulikana. Dini imemkunjulia msafiri hata sala yake, akaruhusiwa kuipunguza, kwa kuwa njia ina mashaka. Si mengi kuutaka na ulimwengu wa tikiti umpunguzie kidogo yule ambaye safari yake haikumpa ilani.