Isukuti Si Pambo la Jukwaa

Mimi ni mpenzi wa michezo ya kuigiza yenye nyimbo, na nauli ya Nairobi nimeilipa mara nyingi. Huko ngoma ya isukuti nimeiona ikipigwa dakika mbili tu, kungojea pazia. Lakini Iguhu, Kakamega, kwa wenyewe Waidakho, nimeisikia mazishini: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya paa. Aliyezoea matari ya maulidi hahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwani wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi. Basi wenye majukwaa wawaite wazee hao tangu siku ya kwanza ya mazoezi, tena wawalipe sawa na waimbaji.