Kuandikishwa Shule Si Kusoma: Watoto wa Mwambao Wanahitaji Msaada



Natoa maoni yangu juu ya elimu ya watoto wetu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, mkoani Kigoma.

Kila Januari tunatangaziwa kwamba uandikishaji wa darasa la kwanza umekwenda vizuri. Hilo ni jambo la kushukuru. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na tangu mpango wa elimu bila malipo uanze Januari 2016 wazazi wengi wameitikia wito. Lakini kuandikishwa ni jambo moja, kukaa darasani ni jingine.

Huku kwetu mwezi wa angani ndio unaopanga mahudhurio. Wakati wa giza wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku na taa zao. Asubuhi mitumbwi inaporudi, mwaloni huhitajika mikono mingi ya kubeba ndoo, kuanika, kugeuza na kufukuza ndege. Mingi ya mikono hiyo ni ya wanafunzi wetu. Mbalamwezi ikirudi wavuvi hupumzika, na madawati hujaa tena. Mtoto anayekosa siku 5 tu kila mwezi, kwa miezi 9 ya masomo hupoteza siku 45, yaani wiki 9 nzima. Akifika darasa la saba kugawanya kunamshinda, na matokeo yakitoka vibaya walimu ndio tunaoulizwa.

Wapo wanaosema dawa ni kuwashtaki wazazi. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na hilo ni sawa. Lakini mama anayeanika dagaa peke yake atasaidiwa na nani? Dagaa wakioza hakuna daftari wala sare. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, hapakuwa na dagaa wa kuanika, lakini pia nyumba nyingi zilikosa fedha. Kwa hiyo tusiwafanye wazazi kuwa maadui wa shule.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, serikali za vijiji zishirikiane na vikundi vya BMU vya wavuvi kutunga sheria ndogo ya kuzuia watoto wa shule kufanya kazi mwaloni saa za masomo. Atakayeulizwa kwanza awe mwenye mtumbwi, maana ndiye anayefaidika zaidi. Pili, halmashauri ziwasaidie akina mama kupata vichanja vya pamoja. Dagaa wa kichanjani hukauka upesi na hawahitaji kushindiwa kutwa nzima kama wale wa mchangani. Tatu, kila mwezi mahudhurio ya shule yasomwe mbele ya wanakijiji, kama tunavyotangaza uandikishaji kila Januari.

Mtoto ambaye jina lake limo daftarini lakini mwenyewe yuko mwaloni hajapata elimu bado. Viongozi, wavuvi na wazazi wenzangu, tusaidiane kumrudisha darasani.

Mwalimu wa Kijijini,
Kigoma.